Nafasi Kati ya Tarumbeta na Saksafoni

Wanamuziki walimwita Kifutio, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko shati lolote alilowahi kushonewa. Watu wa mtaani walichanganya mambo, wakadhani ni mpiga picha. "Mpiga picha, utatupiga lini?" walimwuliza, naye akajibu kwamba atawapiga siku wakikosa adabu. Huo ndio ulikuwa utani wake mmoja, akautumia miaka thelathini. Mpiga picha hasa alikuwa mwenye studio, mzee wa tumbo kubwa na kamera mbili, aliyekaa mbele kwenye mapazia na viti vya kuazima. Kifutio alikaa chumba cha nyuma, mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na kazi yake ilikuwa kusahihisha. Chunusi aliziondoa. Jicho lililofumba alilifumbua. Bwana harusi mwenye upara alimwotesha nywele mbili tatu, kiasi cha kumpa bibi harusi matumaini.

Lakini kazi iliyomlisha hasa ilikuwa ya bendi. Wanamuziki, tusidanganyane, ni watu wa kugombana. Bendi ikipiga picha ya pamoja mwezi wa kwanza, mwezi wa sita mpiga besi keshahamia kwa washindani, na mpiga solo amenuna anataka jina lake liandikwe kubwa. Kupiga picha upya ni kuwakusanya watu saba wenye saa saba tofauti, na suti walizovaa zimesharudi kwa wenyewe. Kwa hiyo kiongozi wa bendi alikuja studio, akaweka kidole juu ya picha, akasema, "Huyu." Basi. Kesho yake wale saba walikuwa sita, na bango likaenda kuchapwa.

Wafanyakazi wengine hupigwa kalamu. Wanamuziki wa mji ule walipigwa brashi. Yuko mpiga gitaa mmoja aliyejua ameachishwa pale alipoliona bango jipya ukutani. Alisimama akahesabu vichwa, akahesabu tena, kisha akaenda moja kwa moja studio na kumkaba Kifutio kola.

"Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu."

"Sasa mbona umenitoa?"

"Nimeambiwa."

Mpiga gitaa akamtazama usoni muda mrefu, akamwachia. Aliwaambia wenzake kwamba kumgombeza yule mtu ni sawa na kuugombeza mlango.

Tusimpake matope. Hakuwa katili, wala mchoyo, wala mtu wa kusengenya. Msiba ukitokea alikuwa wa kwanza kubeba viti na wa mwisho kuvirudisha. Ila ukilia, yeye alikupa leso kama mtu anavyokupa chenji. Mkewe aliishi naye miaka minne, akarudi kwao bila ugomvi. Alisema kwamba kuishi na yule bwana ni kama kuishi na mpangaji wa chumba cha pili: unamsikia yuko, humwoni. Kifutio alimfungia mizigo kwa kamba nzuri, akampeleka kituoni.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, na kama kaka alinyimwa kitu tumboni mwa mama yao, basi dada alipewa mara mbili. Huyu alifanya kazi kiwanda cha nguo, sehemu ya kufuma, na jioni aliimba kwenye bendi ya kiwanda. Akicheka alicheka na mabega. Akiudhika, mtaa mzima ulijua kabla ya aliyemuudhi. Alikuwa na binti mdogo aliyembeba mgongoni mpaka kwenye mazoezi, mtoto akawa analala katikati ya tarumbeta na ngoma.

Mwaka ule kiwanda kiliongeza saa za zamu bila kuongeza kitu kingine chochote, na wafanyakazi wakagoma. Bendi ilikuwa ni wao wenyewe, basi bendi nayo ikagoma, ikatoka na vyombo vyake. Mwenye studio, ambaye miaka yote alikuwa akiwapiga picha jukwaani, alijikuta anawafuata barabarani. Hakuna aliyemtuma. Alisema amezoea kuwatazama watu wale kupitia lenzi, na kama wamehama ukumbi, lenzi nayo ihame. Kwa wiki sita alipiga mikutano, masufuria ya chakula cha pamoja, wazee waliolala juu ya magunia ya pamba, mpiga ngoma anayenyolewa kwa wembe na mkewe. Kifutio alisafisha filamu zote hizo katika chumba cha giza, akazikausha, akaziweka kwenye bahasha, akaandika tarehe.

Picha moja ilizidi nyingine. Watu wanane wamesimama mstari mmoja mbele ya mlango mkubwa wa kiwanda, mikono wameshikana kiwiko kwa kiwiko. Nyuma yao mlango uko wazi, na ndani ni giza tupu kwa sababu mashine na taa zimezimwa. Kushoto kwa katikati kuna mpiga tarumbeta, kulia kuna mpiga saksafoni, na kati yao, kwa gauni jeupe na kilemba, ndiye dada yake Kifutio, kinywa wazi, anaanzisha wimbo. Picha ile iliwekwa kwenye kadi za chama cha wafanyakazi, kwenye kalenda, na kwenye jalada la santuri ya bendi. Watu ambao hawajawahi kukanyaga kiwandani waliitundika sebuleni.

Wiki ya saba viongozi wa chama walikaa na wakubwa wa kiwanda, wakatoka na makubaliano. Dada alipanda juu ya sanduku la nyuzi akasema hayo siyo waliyolala njaa kwa ajili yake. Alisema mengi, na kwa sauti ile yake, iliyokuwa imezoea kupita juu ya tarumbeta. Jioni hiyo hiyo alifukuzwa chama na bendi kwa pamoja.

Wiki haikuisha, viongozi wawili wakaja studio na kalenda mkononi. Walitaka ichapwe upya. Mmoja akaweka kidole katikati ya picha.

"Huyu."

"Huyo ni dada yangu," Kifutio alisema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha tarehe.

"Tunajua. Ndiyo maana tumekuletea wewe. Utafanya kwa heshima."

Mwenye studio alikuwa amesimama mlangoni. Alimwangalia Kifutio, akingoja. Baadaye alisema laiti angeona hata kope moja inacheza, angewafukuza wale watu na kalenda yao. Hakuona.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kifutio alichukua negativu, ule utando wa filamu ambamo cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe, akaulaza juu ya kioo chenye taa. Gauni la dada yake lilikuwa doa zito jeusi katikati. Kwa kuwa nyuma yake palikuwa na giza la mlango, brashi haikuhitajika wala rangi. Kilichohitajika ni kisu kidogo cha kukwangulia. Unakwangua taratibu, ule weusi unatoka kama unga, filamu inabaki wazi, na wazi hiyo ikichapwa kwenye karatasi inakuwa giza. Alianzia kwenye kilemba akazunguka, maana ndivyo mzee alivyomfundisha: fuata ukingo kwanza, ukingo ukishakamilika, cha ndani hakina shida. Kabla ya saa tano alipuliza vumbi mezani, akaenda kunywa chai na mkate wa siagi. Aliumaliza wote.

Kosa moja lilibaki. Mpiga tarumbeta na mpiga saksafoni waliendelea kukunja mikono, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto, wamekumbatia hewa. Kiongozi wa chama alisema haina neno, hakuna atakayegundua; kalenda, kadi na majalada ya kwanza walikwisha kuyakusanya wakayachoma, pamoja na filamu nyingine zote alimoonekana dada. Na kweli, kwa miaka arobaini watu walielezana kwamba wale mabwana wawili walikuwa na maringo, hata kwenye mgomo wanatembea kwa pozi.

Dada alitolewa siku ya mvua kwenye chumba alichopewa na kiwanda kuishi. Vitu vyake viliwekwa nje, na kila kilichokuwa karatasi kililowa kikaoza. Alihamia mji mwingine na binti yake, akafanya vibarua vya kushona. Mtoto alipofikisha miaka sita, mama akafariki. Kifutio alikwenda mazikoni, akabeba viti.

Sasa mtazame ana miaka sabini na mbili, anaishi chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na kazi imemwisha mkononi kwa sababu siku hizi kila mtu anajifuta chunusi mwenyewe kwenye simu. Mwenye studio alikufa. Watoto wa marehemu waligawana kamera na viti. Maboksi ya filamu hakuna aliyeyataka, basi yakaishia chini ya kitanda cha Kifutio. Alilala juu ya wanamuziki wa mji mzima na hakuwahi kuwaota.

Jumatano moja asubuhi mlango uligongwa, na aliyeingia alikuwa mpwa wake. Yule mtoto wa kulala katikati ya ngoma alikuwa sasa mama mtu mzima, fundi wa miwani, mwenye duka lake dogo na watoto wawili. Walikuwa wameonana mara chache za kuhesabika. Kwenye harusi yake, mjomba alikaa kiti cha mwisho na kuondoka kabla ya chakula.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu. Kaa hapo, hicho kingine kimevunjika."

Mpwa alikaa, akampa bahasha kubwa, akamwangalia anavyoisogeza mbali na uso ili aone anwani.

"Mjomba, macho yako yanataka kupimwa."

"Yameona vya kutosha."

Alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akatoa picha ndani ya bahasha na kuiweka mezani. Ilikuwa ile ya mlango mkubwa, imechapwa upya, kubwa kama trei.

"Chama kinafanya maonyesho," alisema. "Miaka arobaini ya mgomo. Picha za bendi, picha za maandamano, zote za studio yenu. Na wanaweka ubao wa majina ya mstari wa mbele. Mimi nikaenda kwa katibu, nikamwambia mama yangu ndiye aliyeanzisha nyimbo siku ile, alisimama hapo katikati. Maana mama aliniambia hivyo mpaka anakufa. Katibu akanitolea hii. Akaniuliza, 'Mama yako yuko wapi hapa?'"

Kifutio aliangalia picha.

"Nikahesabu, mjomba. Saba. Mama alisema wanane. Katibu akaniambia kwa upole kabisa kwamba wazee wengi wanadai walikuwepo. Yaani ananiambia mama alikuwa mwongo, na ananiambia kwa upole." Alisimama, akakaa tena. "Jumatatu wanafunga orodha. Mimi sina ushahidi. Sina hata picha yake moja, zote zililowa. Nakuambia ukweli, uso wake umenitoka. Nakumbuka harufu ya pamba na sauti, uso hapana. Wanangu wakiniuliza bibi alifananaje, nawadanganya. Wewe ulikuwa pale studio. Niambie tu. Alikuwepo au hakuwepo?"

Ilitosha neno moja. Kifutio alilitafuta, akalikuta liko pale pale, halina kutu. Akafungua kinywa.

"Sikumbuki," alisema.

"Hata kidogo?"

"Ilikuwa zamani, mwanangu."

Uongo ulitoka bila jasho, kama kikohozi. Mpwa aliinamisha kichwa, akaamka, akapangusa kiti alichokalia ingawa hakukuwa na vumbi. "Nakuachia picha," alisema. "Labda ukikaa nayo. Nitapita Jumamosi." Akashuka ngazi, na Kifutio akamsikia chini akimuuliza mwenye duka la vipuri njia ya kwenda kituoni, ingawa njia aliijua. Alikuwa anatafuta tu mtu wa kusema naye.

Siku ile Kifutio aligeuza picha kifudifudi, akaweka sahani juu yake, akala. Alhamisi hivyo hivyo. Alijichunguza kama mtu anavyojipapasa mfukoni akitafuta ufunguo: hofu? hakuna. Aibu? Alijua mahali pake, na pale hapakuwa na kitu.

Ijumaa alivuta maboksi. Bahasha aliipata bila taabu kwa sababu mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: "Mgomo, mlango mkubwa. Imesahihishwa." Imesahihishwa! Ameandika hivyo kwa herufi safi, na mstari chini. Aliitoa negativu akaishika dirishani. Katikati palikuwa weupe mtupu. Lakini alipoiinamisha kidogo ili mwanga wa jua uipite pembeni, ile sehemu iliyokwanguliwa iling'aa vingine, ikawa na makunyanzi, na hayo makunyanzi yalikuwa na kilemba, mabega na viwiko viwili.

Akaiweka chini. Akachukua karatasi nyembamba ya kupitishia mwanga, akailaza mezani peke yake, bila picha wala negativu, akachukua penseli. Mkono ukaenda. Kilemba, na lile fundo lake upande wa kushoto. Sikio na hereni ya duara. Shingo, bega, kiwiko cha kulia, nyonga, kiwiko cha kushoto, hadi alipotokea tena kwenye kilemba. Aliilaza karatasi ile juu ya picha, na mpiga tarumbeta na mpiga saksafoni wakapata mtu wa kumshika. Mikono yao iliingia kwenye viwiko vile barabara, hapakuzidi wala hapakupungua. Ghafla hawakuwa na maringo tena. Walikuwa wanaume wawili wanaomshikilia mwanamke asianguke, au yeye anawashikilia wao.

Basi akaanza uso.

Hakuna kilichokuja. Alijua kinywa kilikuwa wazi, ila wazi vipi? Alichora pua, akaona ni ya mpwa wake, aliyeiona juzi. Akaifuta. Alichora macho, yakawa macho ya mtu yeyote, macho ya bibi harusi wa studio. Akayafuta. Alikuwa na dada miaka thelathini na moja, wamekula sahani moja, wameugua surua kitanda kimoja, na sasa alikuwa amebaki na mzunguko wake tu, kama alama ya glasi mezani. Alifuta mpaka karatasi ikachoka. Kisha akaketi akingoja kulia, jinsi mtu anavyongoja chafya, na haikuja.

Jumamosi saa tatu mpwa alifika. Hakungoja kusalimiwa.

"Umekumbuka?"

"Alikuwepo," Kifutio alisema. "Alisimama hapa." Akailaza karatasi juu ya picha.

Mpwa aliinama. Aliuangalia mchoro muda mrefu, akagusa kiwiko, akagusa kilemba, na uso wake ukafunguka kiasi kwamba Kifutio alilazimika kuangalia kwingine. "Mama," alisema. "Mama, ona, ulikuwepo." Kisha akainua kichwa.

"Uso uko wapi?"

"Sina."

"Huna kivipi? Umemchora hata hereni."

"Anayemtoa mtu kwenye picha hamwangalii usoni," Kifutio alisema. "Anafuata ukingo."

Chini, mwenye duka la vipuri alikuwa akigonga chuma. Aligonga mara nyingi kabla mpwa hajasema.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Walikulazimisha?"

"Hapana."

"Walikutisha basi. Walisema watakufunga, watafunga studio."

Alikuwa anamrushia kamba. Angeweza kuidaka, hakuna shahidi aliye hai. "Hapana," alisema. "Waliniomba. Nikafanya."

Mpwa alishika mgongo wa kiti mpaka vidole vikabadilika rangi. "Nakuchukia, mjomba. Nataka ujue."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingejibu haraka hivyo." Alijifuta macho kwa mkono wa blauzi, kwa hasira, kana kwamba hayo machozi nayo yamemkosea. "Jumatatu tunakwenda wote. Utasema mbele yao. Na ukisema hukumbuki, mimi na wewe basi tena, hata mazishi yako sibebi kiti."

Ofisi ya chama ilikuwa ghorofa ya kwanza, ina kaunta ya mbao na benchi, na Jumatatu ile benchi lilikuwa limejaa watu wenye fomu. Katibu alikuwa kijana wa tai nyembamba, mstaarabu, hana ubaya na mtu. Wakati wa mgomo alikuwa hajazaliwa. Kifutio alimpa negativu, akamwonyesha namna ya kuiinamisha dirishani.

"Naona mikwaruzo," katibu alisema.

"Ni mtu."

Kifutio akailaza karatasi ya mchoro juu ya picha. Katibu aliona mikono inavyoingia kwenye viwiko. Alikaa chini polepole.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha. Huyu ni dada yangu, tumbo moja. Alisimama hapo, aliimba, na mimi nikamkwangua. Mama wa huyu hapa. Hakuwa mwongo."

Mwanamke mmoja benchini alivuta pumzi kwa sauti. Katibu alishika kalamu, akaiacha, akauliza kile ambacho kila mtu pale alitaka kuuliza. "Lakini mzee, kwa nini? Dada yako?"

Kifutio aliwaza kwa dhati. Watu wale walistahili jibu, na alitamani liwe baya, liwe la woga au la wivu, jibu ambalo mtu angeweza kulitemea mate. Alitafuta kote.

"Ilikuwa kazi ya Jumanne," alisema.

Katibu akavuta orodha, akaandika jina kwa herufi kubwa, namba nane, akampa mpwa asome kama limeandikwa sawasawa. Aliuliza kama mchoro nao utundikwe kwenye maonyesho, juu ya picha, na kama kuna mtu anayeweza kuumalizia uso.

"Utundikwe hivyo hivyo," mpwa alisema. "Waone."

Walishuka ngazi. Nje kulikuwa na ukuta mfupi kandokando ya maegesho, na Kifutio akaketi hapo. Alidhani mpwa ataenda zake. Alikuwa amepata alichotaka. Jina liko ubaoni. Lakini mpwa alisimama mbele yake, mkoba begani.

"Baada ya hapo, mama aliwahi kukuona?"

"Aliwahi."

"Lini?"

"Wiki ile aliyoondoka. Alikuja studio kuniaga."

Mpwa akaketi ukutani, mbali kidogo. Sauti yake ikawa ya chini, karibu ya kuomba. "Hapo basi. Hapo ulikuwa humtoi. Alikuwaje? Alikuwa na hasira? Alilia?"

Kifutio aliangalia mikono yake juu ya mapaja. Gari liliingia, likageuka, likatoka.

"Nilikuwa na picha ya harusi mezani," alisema. "Sikuinua kichwa."

"Hukuinua."

"Niliona viatu."

Alingoja mpwa ainuke aondoke. Hakuinuka.

"Viatu gani?"

"Vyeusi, vya kamba. Vilikuwa na tope, maana ilikuwa mvua. Cha kulia kamba ilikatika, amefunga na uzi wa kiwandani. Uzi wa bluu."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Kaka, mimi naondoka.' Nikasema, 'Haya.'"

"Akaondoka?"

"Hapana," Kifutio alisema. "Vilikaa. Mimi nilikuwa naanza kola ya bwana harusi, na vilikaa mpaka nikaimaliza."

"Vimeelekea wapi?"

"Kwangu."

Mpwa akafungua mkoba, akatoa kile kijitabu anachoandikia vipimo vya macho vya wateja, akachana karatasi moja, akaigeuza upande mtupu, akamwekea juu ya paja pamoja na kalamu.

"Nichoree viatu, mjomba."

Akavichora vyote viwili, ncha zikimwelekea yeye mwenyewe.